Fimbo mbili bila theluji: namna ya kuchagua vifaa na mavazi ya matembezi ya Kinordiki

Mgeni anayefika Ufini kutoka Afrika Mashariki huyazoea mengi kwa haraka, kuanzia giza la saa tisa alasiri mwezi wa Desemba hadi ukimya wa watu ndani ya basi, lakini kuna jambo moja linalomfanya asimame kando ya njia akatazama: watu wazima wenye afya njema wakienda mwendo wa kasi msituni, kila mmoja na fimbo mbili ndefu mikononi, ilhali theluji haipo hata chembe. Wafini wenyewe, mchezo huu ulipoanza kuenea, walikuwa na mzaha wa kuwauliza watu hao kama wamesahau nyumbani skii zao, zile mbao ndefu za kutelezea juu ya theluji. Ndugu walioko Bukavu au Mwanza, wakitumiwa picha, huuliza kwanza mgonjwa anaendeleaje. Mkanganyiko huzidi siku mtu anapoamua kujaribu mwenyewe, kwa sababu katika duka la michezo fimbo za skii, fimbo za kupandia milima na fimbo za matembezi haya huning'inia ukuta mmoja, zote zimefanana kwa rangi, na muuzaji mwenye wateja watano hana nafasi ya kueleza zinatofautiana wapi.

Tuanze na jina. Kwa Kifini mchezo huu huitwa sauvakävely. Sauva ni fimbo na kävely ni kutembea, basi. Kwingineko duniani unajulikana kama Nordic walking, na hapa tutauita matembezi ya Kinordiki. Chimbuko lake ni wanamichezo wa skii za masafa marefu, ambao tangu zamani walitembea na kukimbia na fimbo zao wakati wa kiangazi ili mikono isilegee kabla ya theluji kurudi. Katika miaka ya 1960 mwalimu wa mazoezi ya viungo, Leena Jääskeläinen, aliyaingiza matembezi ya fimbo katika masomo ya wanafunzi wake mjini Helsinki. Hata hivyo, kwa miaka mingi watu waliendelea kutumia fimbo za skii zilizokuwapo, na ni mwaka 1997 tu ambapo kampuni ya Exel ilitoa fimbo iliyobuniwa mahsusi kwa ajili ya kutembea, huku chama cha Suomen Latu, ambacho shughuli yake ni kuwahimiza Wafini watoke nje, kikiunadi mchezo wenyewe nchi nzima. Mwaka 2000 kiliundwa chama cha kimataifa, na baada ya hapo Ujerumani, Austria na Uswisi zikaupokea kwa mikono miwili.

Ili kuelewa kwa nini fimbo hizi zina umbo zilizo nalo, ni vyema kutenganisha vitu viwili ambavyo msemaji wa Kiswahili tayari anavijua, yaani mkongojo na upondo. Mkongojo huwekwa mbele ya mguu au kando yake, mwenye nao akaegemea, nao ukabeba sehemu ya uzito wake. Upondo ni habari nyingine. Nahodha wa mtumbwi katika maji ya kina kifupi hauegemei. Huuchomeka kwenye mchanga kwa mshazari, ncha ikielekea nyuma, kisha husukuma mpaka mkono unyooke, na chombo husonga mbele kwa nguvu ya msukumo huo. Fimbo za kupandia milima, zile ambazo wapandaji wa Kilimanjaro hukodi mjini Moshi, ni jamaa ya mkongojo: husimama wima, humsaidia mtu kupanda na zaidi kuteremka, na hubeba uzito. Fimbo ya matembezi ya Kinordiki ni upondo. Hugusa ardhi katikati ya unyayo wa mbele na wa nyuma, haipiti mbele ya mwili, hubaki imelala kwa nyuma, na mkono wa mtembeaji husukuma hadi upite nyonga. Karibu kila swali la kununua, kuanzia mkanda wa mkono hadi suruali, hujibika mtu akijiuliza kwanza kama kitu hicho kinamsaidia kusukuma nyuma au kinamzuia.

Ulinganisho huohuo unalimaliza dai moja ambalo matangazo ya biashara hulipenda, kwamba fimbo hizi huyapunguzia magoti mzigo mkubwa. Vipimo vya maabara vilivyofanywa kwenye ardhi tambarare havijalithibitisha dai hilo, na si ajabu, kwa kuwa kitu kinachokusukuma kutoka nyuma hakikubebi. Mtu anayeteremka mlima huku amechomeka fimbo mbele yake hupata nafuu ya kweli, lakini wakati huo anatumia mkongojo. Faida iliyo wazi zaidi ni kwamba mikono, mabega, kifua na mgongo huingia kazini pamoja na miguu, na ndiyo maana mwili hutumia oksijeni zaidi kuliko kutembea kwa kasi ileile mikono mitupu. Kipimo kinachotajwa sana ni ongezeko la takriban asilimia 20, ingawa anayezikokota fimbo nyuma yake kama mchungaji aliyechoka hapati hata robo ya hilo.

Kwa kuwa kazi ni kusukuma, sehemu muhimu kuliko zote katika fimbo ni mkanda wa mkono, na ndiyo sehemu ambayo wanunuzi wengi hawaitazami. Katika fimbo ya mlimani mkanda ni kitanzi tu cha utepe, kinachozuia fimbo isikuponyoke. Katika fimbo ya Kinordiki mkanda umeshonwa mithili ya nusu ya glavu: una tundu la kidole gumba, huzunguka kiganja na kifundo, na hufungwa kwa gundi ya kitambaa kama ile ya viatu vya watoto. Mkono unapofika nyuma ya nyonga vidole hufunguka kabisa na kuiachia fimbo, na nguvu hupita kwenye mkanda pekee. Mkono unaporudi mbele, mkanda huurudisha mshikio kiganjani wenyewe. Mwenye kitanzi cha utepe hawezi kufanya hivyo, kwa hiyo hulazimika kuishika fimbo kwa nguvu safari nzima. Nami ni shahidi. Katika vuli yangu ya kwanza nilinunua fimbo za bei poa katika duka moja la vitu mchanganyiko, nikafurahi kwamba nimeokoa pesa, na baada ya wiki mbili nikawa na lengelenge kati ya kidole gumba na cha shahada, na vifundo vya mikono vinaniuma nikishika hata kikombe. Nilikuwa nimenunua fimbo za mlimani.

Unapojaribu mkanda dukani, angalia kwanza kama umeandikwa L au R, kwa sababu wa kushoto na wa kulia haibadilishani, kisha uufunge hadi ushike vizuri bila kubana damu. Fungua kiganja na usukume mshikio kuelekea chini na nyuma: ukihisi nguvu imesambaa kwenye kiganja chote, mkanda unakufaa, ukihisi umekatwa na utepe mwembamba sehemu moja, urudishe. Kama utatembea wakati wa baridi, jaribu ukiwa umevaa glavu, au hakikisha mkanda una nafasi ya kulegezwa, kwani mkanda uliopimwa mwezi wa Julai hautafungika mwezi wa Januari. Mikanda mingi siku hizi huchomoka kwenye mshikio kwa kubonyeza kitufe. Jambo hilo huonekana kama pambo mpaka ufike wakati wa kupokea simu, kupenga kamasi au kufunga kamba ya kiatu, na hapo ndipo utakapoelewa kwa nini wenye mikanda isiyochomoka husimama njiani wakitumia meno.

Baada ya mkanda ni urefu. Kanuni inayotumiwa na walimu wengi ni kuzidisha urefu wa mtu kwa 0.68. Mwenye sentimita 170 hupata 115.6, na kwa kuwa fimbo nyingi zisizokunjika huuzwa kwa hatua za sentimita tano, atachukua ya 115. Mwenye sentimita 160 hupata 108.8, yaani yuko kati ya 105 na 110, na hapa ushauri wangu ni kwamba anayeanza, au mwenye mabega yaliyokakamaa, achukue fupi. Wengi hudhani fimbo ndefu itasukuma zaidi. Kwa mtu mwenye mbinu nzuri na nguvu za kutosha huenda ikawa kweli, lakini kwa mwingine fimbo ndefu huyainua mabega hadi karibu na masikio na kumlazimisha kuichomeka mbele, na ikishakwenda mbele imegeuka mkongojo. Kipimo cha bila hesabu ni kusimama ukiwa umevaa viatu utakavyotembea navyo, fimbo ikiwa wima karibu na mwili na ncha yake chini: kiwiko kiwe kimegusa mbavu na mkono uwe sambamba na sakafu au umeshuka kidogo tu. Fimbo za zamani za skii zilizosahauliwa stoo hazifai hata kidogo, kwa kuwa za mtindo wa kawaida hukaribia asilimia 83 ya urefu wa mtu. Kwa mwenye sentimita 170 hiyo ni takriban 141, zaidi ya sentimita ishirini na tano juu ya anachohitaji.

Je, ununue fimbo ya kipande kimoja au inayorefushwa na kufupishwa? Ya kipande kimoja ni nyepesi zaidi, haina kitu cha kulegea, na mtetemo wake ni mdogo. Ya kurefusha hufaa familia inayochangia jozi moja, kijana anayeendelea kukua, na msafiri anayetaka iingie kwenye sanduku. Ukiichagua, mjaribu adui yake, yaani kulegea, hapohapo dukani: irefushe hadi kipimo chako, ifunge, kisha uielemee kwa uzito wako wote. Ikizama hata kidogo, siku moja itazama ukiwa unateremka kwenye barafu. Kwenye fimbo ya namna hii huwa kuna alama ya mwisho wa kurefusha, na kuipita alama hiyo ni kuomba ivunjike.

Kuhusu malighafi kuna kelele nyingi kuliko haja. Ziko fimbo za aluminiamu, ileile ya masufuria. Ziko zilizochanganywa faiba, tunayoijua kwa maboti. Na ziko zenye nyuzi za kaboni kwa kiwango ambacho huandikwa ubavuni kwa asilimia. Kaboni ikiongezeka, fimbo huwa nyepesi na ngumu zaidi, na bei hupanda. Watu husoma asilimia hiyo kama alama za mtihani, kwamba mwenye mia ndiye aliyefaulu, lakini fimbo yenye kaboni tupu inaweza kupasuka ikigongwa ubavuni na jiwe au ikibanwa na mlango wa gari, ilhali yenye mchanganyiko wa faiba hunepa kidogo, na mnepo huo ni rafiki wa kiwiko. Aluminiamu hupinda badala ya kupasuka, ila hupeleka mtetemo mwingi mkononi, hasa juu ya lami. Kwa mtu wa kutembea mara tatu kwa wiki, fimbo ya bei ya kati yenye mkanda mzuri inaishinda fimbo ya kaboni tupu yenye mkanda mbaya, na sioni sababu ya kuzunguka katika hilo.

Chini kabisa kuna ncha ya chuma kigumu, iliyochongwa kwa mshazari ili iume ardhi fimbo ikiwa imelala, na juu ya ncha hiyo huvalishwa ukwato wa mpira. Hapa nawakumbuka wazee wa mji wa Tampere. Ukingo wa Pyynikki, ulioachwa na barafu ya kale kati ya maziwa mawili, una vijia vya udongo na sindano za misonobari, na asubuhi ya Oktoba utamwona bibi mmoja akishuka pale kwa ncha tupu, bila sauti, hadi anapofika kwenye lami. Hapo husimama, hutoa kwato mbili kwenye mfuko wa koti, huzisokota kwenye ncha kama anayefunga chupa, na kuendelea na safari bila kuangalia nyuma. Ndiyo kanuni nzima: udongo, changarawe, mchanga na barafu ni vya chuma, lami na zege ni vya mpira. Kosa ambalo hata waliotembea miaka mingi hulifanya ni kuvalisha ukwato kinyume. Umbo lake ni kama kiatu kidogo, na akili humshawishi mtu kuelekeza kidole mbele, kama kiatu cha binadamu, lakini fimbo imelala kwa nyuma, kwa hiyo kidole cha ukwato lazima kielekee nyuma ili uso mpana wa mpira ukae sawasawa juu ya lami. Kikielekezwa mbele, mpira huteleza na kulika upande mmoja. Zingatia pia kwamba kwato hazitoshi fimbo zote, kwani unene wa ncha hutofautiana. Nenda dukani na fimbo yako.

Upande wa viatu, hofu ya kuteguka humfanya mgeni anunue buti nzito zinazofunika kifundo, na huko ni kurudi kwenye mlima. Katika matembezi haya unyayo hushuka kwa kisigino, hujiviringisha hadi kwenye vidole, na kusukuma kwa kidole gumba wakati uleule ambapo mkono unasukuma nyuma. Soli isiyokunjika hukata mzunguko huo katikati. Shika kiatu kisigino kwa mkono mmoja na ncha kwa mwingine, kikunje: kinapaswa kukunjika pale vidole vinapoanzia, si katikati ya unyayo, na kisikatae kabisa. Raba nzuri ya kukimbilia yenye soli ya kushika ardhi inatosha kwa njia kavu. Acha nafasi ya upana wa kidole gumba mbele ya vidole, na ununue alasiri, ukiwa na soksi utakazotumia, kwa sababu mguu wa jioni ni mkubwa kuliko wa asubuhi. Viatu vyenye utando wa kuzuia maji husaidia kwenye theluji inayoyeyuka, lakini maji yakiingia kwa juu hukauka polepole sana. Barafu inapotanda, Wafini huvaa viatu vyenye misumari midogo kwenye soli au hufunga misumari ya kuvalishwa juu ya kiatu. Ncha ya fimbo hung'ang'ania barafu vizuri, ila haiwezi kumshika mtu ambaye miguu yake yote miwili imeshaondoka.

Mavazi ndiyo sehemu ambayo pesa hupotea bure kwa wingi, maana hakuna nguo yoyote ambayo mchezo huu unaidai kwa jina lake. Kinachodaiwa ni bega huru. Vaa koti unalokusudia, peleka mkono mmoja mbele kama unayesalimiana na mtu, na mwingine nyuma hadi upite nyonga. Koti likivuta mgongoni au likipanda kiunoni, si la kazi hii. Trakisuti ya kawaida inatosha. Kinachowashangaza wageni kutoka nchi za joto ni kwamba adui wa msimu wa baridi ni jasho: anayesukuma kwa mikono na miguu hupata moto ndani ya dakika kumi, shati la pamba hunywa jasho lote, na akisimama tu baridi humwingia hadi kwenye mifupa. Ndiyo maana nguo inayogusa ngozi huwa ya sufu nyembamba au ya nyuzi zinazopitisha unyevu, juu yake sweta jepesi kama baridi ni kali, na nje kabisa kitu cha kuzuia upepo chenye zipu ya kufungulia njiani. Ukitoka mlangoni ukajihisi vizuri kabisa, umevaa kupita kiasi. Mtetemeko mdogo wa dakika tano za mwanzo ndiyo dalili ya kipimo sahihi. Kichwa na masikio hufunikwa mapema, na glavu ziwe nyembamba ili ziingie ndani ya mkanda, kwani zile nene za sufu hujikunja na kuchubua.

Wanawake wanaovaa nguo ndefu huniuliza kama mchezo huu unawafaa, nami huwajibu kuwa unawafaa bila shaka, mradi wazingatie kwamba ncha ya fimbo hupita karibu na kisigino kila hatua. Baibui linaloburura au sketi nyembamba vitanaswa au vitafupisha hatua. Vazi pana linaloishia juu ya kifundo, likiwa na suruali ndani, halina tatizo lolote. Mtandio ufungwe usiachiwe mbele, kwa kuwa mikono inapobembea huuvuta.

Mzigo uwekwe kiunoni, si begani, maana begi la kamba moja hushuka kila mkono unapokwenda nyuma. Kibegi cha kiunoni chenye nafasi ya chupa ya maji, simu na zile kwato mbili kinatosha. Na kwa anayetembea Ufini kuanzia Oktoba, riflekta si pambo kama anavyoweza kudhani: ndiyo inayomfanya mtembea kwa miguu aonekane gizani, na mwenye fimbo anaihitaji upande wa kushoto na wa kulia, kwa sababu mikono yake huficha kila mara sehemu ya mwili ambako wengine huitundika. Vest ya kuakisi mwanga, kama wanazovaa bodaboda, huondoa hesabu hiyo yote.

Vifaa hivi havihitaji matunzo makubwa. Fimbo ya kurefusha ichomolewe vipande vyake baada ya mvua na iachwe ikauke hivyo usiku kucha, bila mafuta yoyote, kwani mafuta ndiyo huifanya iteleze ikifungwa. Mikanda ioshwe kwa maji ya uvuguvugu kabla chumvi ya jasho haijaikakamaza. Kwato ndizo zitakazokwisha kwanza, hasa kwa mtu wa mjini, nazo zina tabia ya kutoboka kwa ndani wakati kwa nje bado zinaonekana nzima. Masikio yatakuarifu kabla ya macho: ule mdundo laini juu ya lami utageuka siku moja kuwa ko-ko-ko la chuma, kwanza upande mmoja, kwa kawaida ule wa mkono wako wenye nguvu.